Nilikwenda Ethiopia, Nikaonyeshwa Mti wa Nyumbani

Mwezi wa Machi mwaka 2023 tulifunga safari kwenda Ethiopia. Tulikuwa mabwana shamba na mabibi shamba sita, wote kutoka mikoa yenye ukame. Tulikaa huko siku kumi na mbili. Tulitumwa kuangalia kuta za mawe zinazozuia udongo usichukuliwe na maji. Kuta tuliziona, na habari zake nitaziandika siku nyingine. Leo nataka kueleza habari za chungu.

Kwanza inanibidi niseme kosa langu mwenyewe, maana bila hilo hutaelewa kwa nini safari hii iliniuma.

Mwaka 2004 nilitoka chuoni na cheti changu cha kilimo. Nilipangiwa kijiji kimoja katika mkoa wa Dodoma. Nilikuwa kijana, na nilidhani najua. Nilikuta akina mama wanapika mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga. Wakati wa mvua mboga hizo zilikuwa tele. Wakati wa kiangazi walipika mlenda waliokuwa wameukausha. Ukiisha, ugali ulikwenda na chumvi.

Nikaona nimepata kazi. Niliwaambia, "Akina mama, hizo ni mboga za zamani. Sasa tupande kabichi." Nilileta mbegu. Tulichimba bustani karibu na kisima, tukaweka samadi, tukapanda kwa mistari. Mwezi wa Juni bustani ilipendeza. Mwezi wa Agosti maji ya kisima yalipungua. Watu walikaa foleni tangu alfajiri, na kila nyumba ilipata ndoo mbili tu.

Siku moja mama mmoja alisimama mbele yangu na ndoo kichwani. Aliniambia hivi: "Bwana shamba mwanangu, kabichi lako linakunywa maji kuliko wanangu. Sasa niambie, ninyweshe lipi na niache lipi?"

Sikuwa na jibu. Kabichi zilikauka zote. Mwaka uliofuata hakuna aliyepanda, na mimi sikuthubutu kutaja tena. Lakini ugali kwa chumvi uliendelea kila kiangazi, na mimi niliuona nilipopita majumbani. Bibi afya wetu alikuwa akinionyesha watoto ambao jua likizama hawaoni vizuri. Ukosefu wa vitamini A ndio unaoleta hali hiyo. Vitamini hiyo tunaipata katika mboga za majani mabichi, maembe, karoti, maini na mayai. Siku hizi watoto wadogo hupewa matone ya vitamini A zahanati mara mbili kwa mwaka, na inasaidia sana. Lakini matone si chakula cha kila siku.

MJI WA BARIDI NA SAA KAMA ZETU

Ndege iliondoka Dar es Salaam, na haikuchukua saa nyingi tukafika Addis Ababa. Mji huo uko juu sana, zaidi ya meta 2,300 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa joto tulitetemeka. Mwenzetu mmoja alivaa mashati mawili na bado akaomba blanketi.

Kulikuwa na mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, walituambia kwamba kwao huo ulikuwa mwaka 2015. Wana kalenda yao wenyewe, na ina miezi kumi na mitatu. La pili lilitufurahisha zaidi. Saa zao ni kama zetu Waswahili! Jua likichomoza wanaanza kuhesabu. Tukiambiwa gari litakuja saa mbili asubuhi, ni saa mbili ile ile tunayoijua sisi. Wageni kutoka nchi nyingine walikuwa wanachelewa, sisi hatukuchelewa hata siku moja.

Tulifika wakati wa mfungo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka yao. Pia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Ukijumlisha siku zote, zinazidi 180 kwa mwaka. Siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai, wala siagi. Wako Waislamu wengi pia katika nchi hiyo, na wao wana mfungo wao wa Ramadhani. Lakini hii ya siku 180 ndiyo iliyofundisha majiko ya huko kupika mboga.

Fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Mama ambaye nusu ya mwaka hapiki nyama lazima ajue kuipa mboga ladha. Asipojua, nyumba italalamika.

Tuliingia hoteli ndogo karibu na soko linaloitwa Mercato. Tuliletewa sinia moja kwa watu wanne. Juu ya sinia palikuwa na mkate mwembamba, mpana kama ungo, wenye vitundu vingi. Unaitwa injera. Unatengenezwa kwa nafaka iitwayo teff. Punje zake ni ndogo sana, ndogo kuliko za ulezi. Unga wake unakorogwa na maji, unaachwa siku mbili au tatu mpaka uchachuke, ndipo unamwagwa juu ya kikaango kipana cha udongo.

Juu ya injera walikuwa wamepanga mboga kwa mafungu. Palikuwa na dengu nyekundu zenye pilipili. Palikuwa na uji mzito wa unga wa dengu, unaoitwa shiro. Palikuwa na kabichi lililopikwa na viazi na karoti, na maharage machanga, na viazisukari vyekundu vya kupaka mdomo rangi. Katikati palikuwa na majani ya kijani yaliyokatwa madogo madogo. Nilihesabu mafungu saba, na hapakuwa na hata kipande kimoja cha nyama. Wote tunakula kwa mkono wa kulia, kutoka sinia moja, kama tufanyavyo kwetu. Mwenyeji wetu alikunja tonge, akaninyosha mkono na kunilisha kinywani. Nilishtuka. Kumbe ndiyo heshima yao kwa mgeni.

Niliomba kuingia jikoni. Mpishi, mama wa makamo, alicheka kwanza kuona mwanamume anataka kuangalia vitunguu. Nilikaa pale karibu saa nzima, na hili nililojifunza ninawaletea akina mama na akina baba wanaopika.

Sisi tunaanza kwa mafuta. Tunamimina mafuta, yakipata moto tunatia vitunguu. Yule mama alianza bila mafuta. Alitia vitunguu vingi vilivyokatwa vidogo sana katika chungu kikavu, moto mdogo, akakoroga polepole. Vitunguu vilitoa maji yake vyenyewe. Alipoona vinataka kushika, alinyunyiza maji kidogo tu. Baada ya muda mrefu vililainika, vikawa kama uji. Ndipo akatia mafuta, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Mafuta yalikuwa machache kuliko tunayotia sisi, lakini mchuzi ulikuwa mzito na mtamu. Mwenye chupa ndogo ya mafuta atafikiri juu ya jambo hili.

Yale majani ya kijani huitwa gomen. Nilipoyatazama mabichi sokoni niliyafahamu mara moja. Ni figiri! Wenzetu wa Arusha wanaita loshuu. Wataalamu wanasema asili ya mmea huo ni nyanda za juu za Ethiopia. Basi tangu zamani tumekuwa tukila mboga ya jirani bila kujua. Alipoipika, yule mama hakumwaga maji. Alitia maji kidogo, akafunika, maji yakaishia humo humo.

Nilikumbuka jinsi tunavyochemsha mboga kwetu, sufuria imejaa maji, kisha maji ya kijani tunayamwaga nje na kuku wanayakanyaga. Vitamini C inayeyuka katika maji. Ukiyamwaga, umeimwaga nayo. Na wale wanaotia magadi mengi ili mboga ilainike upesi, magadi nayo huiharibu hiyo vitamini C. Nilikuwa nikifundisha hayo kwa mdomo miaka mingi. Pale nilimwona mama ambaye hakufundishwa na bwana shamba yeyote, anayatenda tu.

NJIA YA KUSINI

Siku ya nne tuliondoka Addis Ababa kwenda kusini kwa gari. Tulisafiri kutwa nzima. Njia inafuata Bonde la Ufa, bonde lile lile linalopita kwetu Manyara. Usiku tuliingia mji wa Arba Minch. Jina hilo maana yake ni chemchemi arobaini. Chini ya mji kuna maziwa mawili makubwa, Abaya na Chamo.

Juu ya milima ya hapo tulionyeshwa mmea unaofanana na mgomba, lakini hauna ndizi za kula. Unaitwa enset. Watu hula shina na kiazi chake. Wanakwangua shina, wanafukia zile nyuzi na unga wake shimoni zichachuke kwa miezi, halafu wanaoka mkate ndani ya jani lake. Mamilioni ya watu wa Ethiopia wanategemea chakula hicho. Nilionja. Ni kichachu, na mimi sikuomba kipande cha pili. Lakini nilimwonea wivu mkulima mwenye ghala lililosimama shambani, linalongoja mpaka siku atakapolitaka.

Siku iliyofuata tuliendelea kusini mpaka Konso.

Konso ni nchi ya vilima vikavu vyenye mawe. Watu wake wamejenga kuta za mawe kuzunguka vilima, ngazi juu ya ngazi, kuanzia chini mpaka kileleni. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliweka nchi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Nyuma ya kila ukuta kuna kipande cha udongo, na juu yake mtama, maharage, na mazao mengine. Kuta hizo zilinikumbusha magofu ya Engaruka kwetu, ila Engaruka watu walihama zamani sana, na Konso bado wanalima.

Tulifika wakati mbaya. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo, kusini mwa Ethiopia, kaskazini mwa Kenya na Somalia. Ng'ombe wengi walikufa katika nchi ya jirani zao wa Borana. Konso nayo iliguswa. Tuliona mabua mafupi ya mtama, makavu, yasiyo na masuke. Wazee walikuwa wakitazama mawingu, nasi tukanyamaza, maana tunajua kutazama mawingu ni nini.

Lakini katikati ya ukavu ule kulikuwa na miti ya kijani. Ilikuwa kila uani, na mingine katika ngazi za mashamba. Mashina yake ni manene, magome meupe meupe, na majani madogo yaliyopangwa kwa vikonyo. Nilisogea. Nilichuma jani moja nikalisugua mkononi, nikanusa. Nilimgeukia mwenzangu kutoka Singida. Naye alikuwa ananusa.

"Huu si mlonge?" akaniuliza.

Ulikuwa mlonge. Si ule ule wa kwetu, ni ndugu yake. Wa kwetu asili yake ni India, na majani yake ni membamba zaidi. Wa Konso ni wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, una majani mapana kidogo na shina nene linaloweka maji. Kwa Kiamhara huitwa shiferaw.

Bwana shamba wa pale alituona tunavyoshangaa. Aliuliza kama kwetu mti huo upo. Tulisema upo. Akauliza, "Mnaupikaje?" Tulitazamana. Nilijibu kwa aibu kwamba kwetu tunaufanya ua. Wengine wanasaga mbegu zake kusafisha maji. Na wengine wanauza unga wa majani katika vikopo mjini, wakisema unatibu magonjwa mia tatu. Alitafsiri maneno yangu kwa wazee. Wazee wakacheka sana. Mmoja alisema jambo refu, na tafsiri yake ilikuwa fupi: "Anauliza, mnazungushia nyumba mboga, halafu ndani mnakula nini?"

CHUNGU CHA MAMA MWENYE NYUMBA

Jioni tulikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja. Nyumba za Konso zimezungukwa na ukuta wa mawe, na paa zake ni za majani. Mbuzi wamefungwa zizini na wanaletewa majani ya kula. Jambo hilo la mbuzi nililiona kwa macho, lakini sikulitia akilini. Utaona baadaye lilivyonigharimu.

Binti yake alipanda mti, akakata matawi machache kwa panga. Hakuukwangua mti wote. Walikaa chini, wakapukuchua majani kutoka kwenye vikonyo, vikonyo wakawatupia mbuzi. Kazi hiyo ilichukua muda, na watoto wote walisaidia. Majani yalioshwa. Chungu kikubwa cha udongo kilikuwa tayari kinachemka. Mama alitia majani, akatia chumvi.

Wakati majani yanachemka alichukua unga wa mtama, akaukanda kwa maji. Akafinyanga matonge madogo, kila moja kiasi cha limau dogo, akayatumbukiza katika chungu kile kile. Matonge yaliiva humo pamoja na majani. Chakula hicho huitwa kurkufa. Ni ugali na mboga katika chungu kimoja, moto mmoja, maji yale yale. Hakuna maji ya kumwaga, kwa sababu matonge yameyanywa.

Tulikula. Majani yana ukali kidogo, kama figiri iliyokomaa. Hakukuwa na mafuta wala nyanya. Sitasema kwamba ni chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula. Nitasema kwamba watoto saba walikula wakashiba, katika mwaka ambao shamba halikutoa kitu, na katika kila tonge palikuwa na jani la kijani.

Nilimwuliza mama, kupitia watafsiri wawili, wanakula mboga hiyo mara ngapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anakunywa maji mara ngapi. Akasema, "Kila siku."

"Na kiangazi?"

"Majani yanapungua. Lakini yapo. Mizizi iko mbali chini."

"Mnaumwagilia?"

Alicheka. Akasema mti ukiwa mdogo wanaupa maji waliyooshea vyombo. Ukikua, unajitafutia wenyewe.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa naona ndoo mbili, na mama amesimama kisimani miaka kumi na tisa nyuma. Mlonge ulikuwepo kijijini kwetu hata wakati ule. Ulikuwa umesimama kuzunguka ile ile bustani ya kabichi. Niliuchomeka mimi mwenyewe kwa mikono yangu, kuzuia mbuzi.

Baadaye nilisoma na kuuliza zaidi. Si Konso peke yao. Huko India ya kusini wanakata maganda mabichi ya mlonge vipande vipande na kuyapika katika mchuzi wa dengu. Wahindi wa Dar es Salaam na Mombasa nao hufanya mchuzi wa maganda hayo. Huko Ufilipino wanatia majani katika supu ya kuku, na katika choroko. Majani hayo yana vitamini A, madini ya chuma na chokaa, na pia protini. Habari ya magonjwa mia tatu siijui na siiungi mkono. Mboga ikishaitwa dawa, bei yake inapanda, na mtoto wa mkulima haioni tena.

MBUZI WALINIFUNDISHA

Tulirudi nyumbani mwisho wa Machi. Mwezi wa Desemba, mvua zilipoanza, niligawa miche arobaini kwa nyumba kumi. Mingine tulipanda mbegu moja kwa moja, tukaifukia kina cha pingili moja ya kidole. Zilichipua ndani ya wiki mbili. Nilijisifu moyoni.

Mwezi wa Juni mazao yalivunwa, na mbuzi wakafunguliwa, kama ilivyo desturi yetu. Kwa siku tatu tu walikula miche ishirini na sita. Waliguguna mpaka shina. Hapo ndipo nilipokumbuka zizi la yule mama wa Konso, na mbuzi wake wanaoletewa majani. Nilikuwa nimechukua mti nikaacha zizi.

Wanaume kilabuni walipata la kuzungumza. "Bwana shamba alitulisha kabichi, sasa anatulisha ua." Niliwaacha waseme. Tulikata miiba, tukazungushia miche iliyobaki. Kumi na minne ilipona. Ilipofika urefu wa kifua cha mtu tuliikata vichwa ili itoe matawi mengi na isiende juu kama nguzo.

Upishi nao haukuwa rahisi. Nyumba ya kwanza ilipika majani yale peke yake kwa chumvi, wakayaacha sufuriani. Mlonge wa kwetu una ukali zaidi kuliko ule wa Konso. Watoto walitema. Nikadhani mambo yamekwisha tena.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mzee, ambaye hajasoma kitabu cha mapishi. Alisema, "Ninyi mnapika kitu kigeni kwa namna ya kigeni. Kipikeni kama mlenda." Alichuma majani machanga ya nchani tu, akaacha yaliyokomaa. Alikata madogo. Aliyachanganya na majani ya kunde, nusu kwa nusu. Alichemsha kwa maji kidogo, akafunika. Mwisho akatia karanga zilizotwangwa. Karanga ziliua ukali wote. Na karanga zina mafuta, nayo mafuta yanausaidia mwili kuipokea vitamini A. Bibi hakulijua hilo la mwisho, na hakulihitaji.

Kwa kiangazi tulikausha. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana wengi wetu tunakosea. Tusianike majani juani. Jua kali linaharibu vitamini A. Yaanikwe kivulini, ndani ya nyumba yenye hewa, juu ya mkeka au chekecheke safi, yakigeuzwa kila siku. Yakiwa makavu kiasi cha kuvunjika mkononi, yatwangwe, yachekechwe, yawekwe katika kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja au viwili katika mboga ya nyumba au katika uji wa mtoto vinatosha. Ndivyo mama zetu walivyofanya na mlenda siku zote. Mimi ndiye niliyewaambia ni mambo ya zamani.

Na jambo la hatari ni hili. Tunakula majani na maganda machanga. Mizizi ya mlonge na magome yake yana sumu, yasiliwe. Mama mjamzito asiguse kabisa dawa za mizizi hiyo, hata akiambiwa nini.

Sijasema kwamba kabichi ni mbaya. Wenzetu wa Lushoto wana mvua na baridi, walime kabichi wauze. Mwenye mfereji na alime mchicha mwaka mzima. Nasema juu yetu sisi wenye ndoo mbili.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilikuwa nimekaa nje ya ofisi ya kijiji. Kisima kilikuwa kimepungua kama kawaida. Alikuja msichana wa miaka kumi hivi, mkononi ana bakuli lililofunikwa kwa sahani. Ni mjukuu wa yule mama wa ndoo.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Bibi kasema ule, halafu unirudishie bakuli."

Nilifunua. Mlikuwa na matonge madogo ya unga wa mtama, yamelala katika mboga ya kijani yenye karanga. Nilikuwa nimewasimulia habari za kurkufa katika mkutano, siku watu walipocheka. Sikujua kama kuna aliyesikiliza.

Nilikula, nikaosha bakuli. Nilimwuliza bibi yake anataka miche mingapi mvua zikianza.

"Kasema kumi," alijibu. "Na kasema safari hii uje na panga la kukatia miiba, yeye mgongo unamwuma."